Historia ya Dunia Huanzia Wapi?

Kila mwaka, mwezi wa Julai unapoingia, shule zetu zenye kidato cha tano hupokea wageni wapya. Hufika kwa mabasi, vumbi la safari likiwa bado nyusini, wamebeba masanduku ya bati, ndoo, na magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Mmoja ametoka Bukoba, mwingine Mtwara, mwingine Singida. Hawajuani. Lafudhi zao ni mbalimbali, na kwa siku mbili tatu za kwanza kila mmoja huwatafuta wale wa mkoa wake. Kisha kengele hulia, nao huingia darasani pamoja. Na sisi tuliokabidhiwa kazi ya kuwafundisha historia husimama mbele yao, chaki mkononi, tukijiuliza swali ambalo hatujapata kulimaliza kwa miaka yote ya ualimu wetu: tuanzie wapi?

Swali hili si jepesi kama linavyoonekana. Katika kidato cha tano na cha sita mwanafunzi hatakiwi tena kuishia kwenye habari za nchi yake na jirani zake. Hutakiwa kuutazama ulimwengu mzima: kukua kwa ubepari katika Ulaya, mapinduzi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi, vita kuu mbili, mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na harakati za wanyonge kujikomboa. Mambo hayo yote hayana budi kumalizwa kabla ya mtihani wa mwezi wa Mei wa mwaka wa pili, na muda huo, ukiondoa likizo, haufiki miaka miwili. Ndiyo maana mwalimu mwenye haraka huona ni afadhali aandike ubaoni orodha ya mada, atoe maana ya neno historia, kisha aanze kuhesabu sababu: sababu za mapinduzi haya, sababu za vita vile, na matokeo yake.

Tunakiri kwamba hata sisi tulifanya hivyo kwa miaka mingi. Tulikuja kuingiwa na shaka siku moja tulipokuwa kituo cha mabasi. Kijana mmoja alitujia akicheka, akatuamkia shikamoo kwa heshima zote, akasema: "Mwalimu, mimi bado nazikumbuka sababu sita za Mapinduzi ya Ufaransa!" Akaanza kuzitaja kwa vidole vya mkono wa kulia. Alipofika kidole gumba akasita. Ya sita haikuja. Alicheka, nasi tukacheka naye, tukaagana kwa furaha. Lakini tulipokwisha kaa ndani ya basi tulikumbuka kwamba kijana yule alikuwa miongoni mwa waliopata alama za juu kabisa katika mwaka wao. Ikiwa yaliyobaki kwa mwanafunzi wetu hodari ni vidole vitano, tulimpa nini?

Basi mwaka uliofuata tuliamua kuanza kwa njia nyingine. Habari tunazozisimulia hapa ni za mwaka huo, na baadhi yake si za kujisifia.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 42. Siku ya kwanza tuliandika juu ubaoni methali inayojulikana na kila mtoto wa shule: Mwacha asili ni mtumwa. Tulitaka iwe mlango wa kuingilia somo, maana tuliona kuwa asiyejua atokako hawezi kuyapima ya wenzake. Hatukuifafanua sana. Tuligawa vipande vya karatasi, tukamwambia kila mmoja aandike tukio moja tu analoliona kuwa ni la historia ya dunia, pamoja na mahali lilipotokea.

Jioni tulizisoma karatasi hizo. Karatasi 17 zilitaja Vita Kuu ya Pili, 11 Mapinduzi ya Ufaransa, 8 Vita Kuu ya Kwanza, 4 Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, na 2 safari ya Columbus ya mwaka 1492. Yote hayo ni matukio makubwa, na hakuna aliyekosea. Hata hivyo, hapakuwa na karatasi hata moja iliyotaja mahali ambapo mwandishi wake aliwahi kukanyaga. Wote wanane walioandika Vita Kuu ya Kwanza walisema kwamba ilipiganwa Ulaya, na mmoja wao alikuwa mzaliwa wa Tanga. Mjini kwake, mwezi wa Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka Bara Hindi yalijaribu kushuka pwani yakashindwa na majeshi ya Wadachi, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Aidha, vita hivyo viliponyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku kwetu viliendelea. Majeshi ya Wadachi yaliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadaye. Kijana wa Tanga alikuwa amecheza utotoni juu ya ardhi ya historia ya dunia bila kuambiwa.

Hatukuwalaumu. Walikuwa wameandika yale tuliyowafundisha sisi na wenzetu.

Katika kipindi cha pili hatukufungua kitabu. Tuliwauliza vitu vilivyomo darasani vinaitwaje, tukaandika majibu: meza, karatasi, kitabu. Tukaongeza ya nje ya darasa: bandari, gereza, bendera, pesa, hela, serikali, na hilo lenyewe shule. Tukawauliza kila neno lilikuja na chombo gani. Hapo darasa liliamka. Meza na bendera zilishuka pwani pamoja na Wareno waliofika mwishoni mwa karne ya 15. Gereza nalo ni la Wareno, na kwao lilikuwa kanisa. Kitabu ni cha Waarabu. Bandari na serikali asili yake ni Uajemi. Pesa ilitoka Bara Hindi. Shule na hela ni za Wadachi, maana heller ilikuwa sarafu waliyoileta katika koloni lao mwaka 1904. Msichana mmoja kutoka Dodoma akasema kwa mshangao: "Kumbe tukisema 'serikali imejenga shule na gereza' tumekwisha taja mataifa matatu!" Wenzake wakapiga makofi.

Hapa hatuna budi kusema jambo kuhusu lugha. Kanuni inataka somo hili lifundishwe kwa Kiingereza, na mtihani nao huandikwa kwa Kiingereza. Kipindi cha kwanza tulizungumza Kiingereza, na walioinua mkono walikuwa watatu. Kipindi cha pili, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili, mazungumzo nayo yaligeuka Kiswahili, na mikono ikawa mingi kiasi cha kuziba dirisha. Hatusemi kwamba Kiingereza hakifai. Mwanafunzi wa historia akijua lugha nyingi ni heri kwake. Tunasema tu kwamba tuliona kwa macho yetu vijana wale wale, siku mbili zikipishana, wakiwa mabubu na kisha wakiwa wasemaji. Tangu siku hiyo tulizoea kujadiliana kwanza kwa lugha wanayofikiria, kisha kuandika kwa lugha ya mtihani.

Neno la mwisho tuliloandika ubaoni siku ile lilikuwa merikani. Wengi waliwahi kulisikia kwa bibi zao: nguo nzito isiyotiwa rangi. Wachache walikuwa wamefikiri kwa nini inaitwa hivyo. Tukawasimulia jinsi Sayyid Said alivyofanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na jinsi merikebu za Salem, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, zilivyokuwa zikitia nanga Unguja. Zilileta nguo, zikachukua pembe za ndovu, ngozi na gundi ya msandarusi. Nguo ile ilipendwa kwa uimara wake, na huko bara ikawa kama fedha: wapagazi walilipwa kwa mikono ya merikani, na ushuru wa njiani ulitolewa kwa merikani. Pembe zilizotoka Ujiji na Unyanyembe kwa mabega ya watu zilifika Bagamoyo, zikavuka bahari, na nyingine zikaishia katika jimbo la Connecticut, ambako zilikatwa kuwa vibao vya piano na vitana.

Lakini pamba ya nguo ile ililimwa na nani? Ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, watu ambao babu zao walichukuliwa Afrika. Yaani jasho la mtumwa mwenye asili ya Afrika lilisokotwa kuwa uzi, likafumwa kuwa nguo, likavuka bahari, na likawa thamani ya kununulia pembe, na pengine ya kununulia mtu mwingine, katika Afrika hii hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, merikani nayo ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Mpagazi wa Tabora alivaa au alikosa nguo kwa sababu ya vita vya watu asiowajua. Tulipomaliza kusimulia, darasa lilikuwa kimya, na kimya hicho kilitufurahisha. Tulijiona tumepata njia.

Furaha hiyo ndiyo iliyotuponza katika kipindi cha tatu.

Siku hiyo tuliandika ubaoni mwaka mmoja tu: 1776. Tukawauliza ni mwaka wa nini. Walijibu upesi kwamba tarehe 4 Julai ya mwaka huo, katika mji wa Philadelphia, makoloni ya Marekani yalitangaza uhuru wao na kusema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Walijua pia kwamba mwandishi mkuu wa tangazo hilo, Thomas Jefferson, alikuwa mwenye kumiliki watumwa. Tukawapongeza. Kisha tukasema: mwaka huo huo, tarehe 14 Septemba, mkataba mwingine ulitiwa sahihi, si Philadelphia bali Kilwa. Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa kwamba auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Bei ya mtu mmoja iliwekwa kuwa piastre 20, na Sultani mwenyewe apate zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Watu hao walitakiwa katika mashamba ya visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi, hasa kile ambacho leo ni Morisi.

Tulizizungusha tarakimu hizo kwa chaki: 1,000, 20, 2. Tukawaambia wapige hesabu ya mapato ya Sultani kwa mwaka. Wakapiga: piastre 2,000. Kengele ikalia. Tukafuta ubao, tukatoka.

Katika darasa lile alikuwamo msichana mmoja kutoka wilaya ya Kilwa, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alikuwamo pia kijana mmoja mrefu kutoka Songea, mcheshi, aliyependwa na wenzake. Mchana ule, kwenye foleni ya chakula, kijana alimgeukia msichana akasema kwa sauti ya kusikika: "Kumbe nyinyi wa Kilwa ndio mliotuuza!" Foleni nzima ikacheka. Kufika jioni msichana alikuwa amekwisha pewa jina, akiitwa Binti Sultani. Sisi hatukujua lolote. Tulichoona ni kwamba kipindi kilichofuata hakuja, na cha baada yake pia hakuja. Tulipouliza tuliambiwa anaumwa kichwa.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe ofisini. Alitusalimu, akasimama. Tulimwambia akae, hakukaa. Akasema: "Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu ile methali uliyoiandika siku ya kwanza. Inasema mwacha asili ni mtumwa. Na yule ambaye hakuiacha, bali alinyang'anywa, yeye anaitwaje?"

Hatukuwa na jibu. Ndipo alipotueleza, pole pole, mambo ambayo pengine hakuwahi kumwambia mtu. Bibi yake mzaa mama alikuwa akisema kwamba bibi wa bibi yake yeye aliletwa Kilwa akiwa mtoto mdogo. Aliletwa, basi. Kila alipouliza aliletwa na nani, na kutoka wapi, bibi alinyamaza, au alimtuma kuchota maji. Na upande wa baba yake wazee husema kwamba zamani ukoo wao ulikuwa na minazi, na mashamba, na "watu". Neno hilo "watu" hulitamka kwa namna ambayo hata mtoto huelewa. Kisha akatutazama usoni. "Sasa mwenzangu ananiambia nyinyi mlituuza. Mimi ni yupi, mwalimu: aliyeuza au aliyeuzwa?"

Tangu tuanze kazi ya ualimu hatujapata kuulizwa swali zito kuliko hilo, wala hatujapata kujiona wadogo mbele ya mwanafunzi kama siku hiyo. Kosa lilikuwa letu. Tulifungua kidonda, tukakihesabu kwa tarakimu, kisha kengele ilipolia tukafuta ubao tukaenda kunywa chai. Tulidhani kwamba historia ikiwa karibu na mwanafunzi itampendeza zaidi. Hatukufikiri kwamba ikiwa karibu inaweza pia kumuumiza, na kwamba mwalimu anayeileta karibu ana wajibu wa kukaa nayo hapo mpaka mwisho. Tulimwomba radhi. Tukamwomba pia ruhusa ya kulitumia neno moja la bibi yake darasani, bila kutaja ni la nani. Alifikiri kidogo, akakubali.

Kipindi kilichofuata alihudhuria. Tuliandika ubaoni sentensi moja: Aliletwa Kilwa akiwa mtoto. Tukauliza kitenzi hicho ki katika kauli gani. Swali hilo ni la darasa la Kiswahili, nao walijibu kwa pamoja: kauli ya kutendwa. Mtendwa ni nani? Mtoto. Mtenda je? Wakatafuta. Hayupo. Tukawaambia: basi kazi yetu leo ni kumtafuta mtenda.

Walianza na jibu jepesi, Sultani, na tukaona macho yakielekea upande wa yule msichana. Tukasema: mtoto huyu hakuzaliwa pwani. Alifikaje mikononi mwa mtu wa pwani? Polepole mnyororo ukaanza kuonekana ubaoni, pete baada ya pete. Palikuwa na vita huko bara, na mkubwa wa vita aliyechukua mateka. Palikuwa na aliyembadilisha mateka kwa nguo, baruti au bunduki. Palikuwa na mwenye msafara aliyemtembeza miezi mpaka pwani. Palikuwa na mfanyabiashara, na tajiri aliyemkopesha mfanyabiashara mtaji. Palikuwa na mtawala aliyetoza ushuru. Palikuwa na nahodha Mfaransa, na mwenye shamba la miwa Morisi, na mwenye shamba la karafuu Unguja. Na mwisho wa mnyororo, mbali sana, alikaa mtu mpole aliyetia sukari katika kikombe chake huko Paris, ambaye pengine hakuwahi kumpiga hata mbwa. Kila pete ilipokea kitu. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakupokea chochote. Na wengine katika watoto hao, wakikua, walizaa ndani ya nyumba za waliowanunua, hata leo damu ya aliyeuzwa na ya aliyenunua hupita katika mshipa mmoja, wala hakuna daktari awezaye kuzitenga.

Hatukutaja jina la mtu. Lakini yule kijana wa Songea alikuwa ameinamisha kichwa.

Kisha tukafungua kitabu cha kiada kwa mara ya kwanza mwaka ule, tukawaagiza watafute sentensi zilizoficha mtenda. Walizipata nyingi kuliko tulivyotazamia: bara liligawanywa, ardhi ilichukuliwa, kodi ilianzishwa, mazao yalilazimishwa. Kila walipoipata moja waliuliza: na nani? kwa faida ya nani? Zoezi hilo liliwafundisha kupima maandishi ya historia kuliko mihadhara yetu yote ya nyuma. Mwisho tukawapa kazi ya likizo: kila mmoja amwendee mzee wa nyumbani kwao, amwombe sentensi moja tu ya mambo ya zamani, aiandike kama ilivyosemwa, kisha amtafute mtenda.

Waliporudi, kijana wa Songea aliomba asome ya kwake. Alisimama, akasoma bila ucheshi wake wa kawaida. Mzee wa ukoo wao alikuwa amemwambia hivi: zamani zile za vita sisi nasi tulikuwa tukiteka. Mateka wengine walikaa wakawa ndugu zetu, wengine waliondoka na misafara ya Kilwa. Kijana alipomaliza aliongeza la kwake mwenyewe: "Kwa hiyo mimi nilimcheka mwenzangu, kumbe mnyororo ule ulipita na kwetu." Baada ya kipindi tulimwona akienda kwenye meza ya msichana. Hatukusikia walichoambiana, wala hatukuuliza. Jina la Binti Sultani halikusikika tena shuleni.

Hapo tulipata nafasi ya kuwaonyesha jambo ambalo hatukulipanga. Kilwa na Songea, pande mbili zilizounganishwa na njia ya misafara, ziliunganishwa tena na jambo jingine. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu waling'oa mipamba katika shamba walilolazimishwa kulima. Kwa nini Wadachi walitaka pamba? Kwa sababu viwanda vyao vilitegemea mno pamba ya Marekani, ile ile iliyowahi kufumwa merikani, nao walitaka yao wenyewe kutoka makoloni. Moto uliowashwa na mche huo ulisambaa, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umefika Songea. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi walinyongwa Songea, na mpaka leo huadhimishwa huko kila mwaka. Vita vya Majimaji viliendelea hadi mwaka 1907, na makumi ya maelfu ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Watu ambao zamani walitekana na kuuziana walikuwa sasa wamekunywa maji yale yale. Ushirikiano wao haukufuta ya zamani, bali ulionyesha kwamba ya zamani hayakuwa na neno la mwisho.

Msomaji anaweza kuuliza, kama alivyouliza mwanafunzi mmoja mwenye busara katika juma la pili: "Mwalimu, haya yatatoka kwenye mtihani?" Swali hilo si la kubezwa. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mwanawe anunuliwe sanduku na godoro anataka matokeo, na ana haki. Tulimjibu kijana yule kwamba baadhi yatatoka na baadhi hayatatoka, lakini namna ya kuuliza itatoka katika kila swali. Hata hivyo hatufichi kwamba njia hii ilitugharimu. Kufikia Septemba tulikuwa nyuma kwa mada mbili. Mkuu wa shule alituita, akatuonyesha mpango wa kazi, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Tulifidia kwa kufundisha Jumamosi, na wanafunzi walikuja bila kusukumwa. Tulipofika kwenye Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, hatukuhitaji kuwahesabia sababu kwa vidole. Wao wenyewe waliuliza kama haki za binadamu zilizotangazwa Paris zilimhusu mtu aliyekuwa akilima miwa katika koloni la Saint-Domingue; na walipoambiwa kwamba watumwa wa huko walisimama mwaka 1791, wakapigana hata wakaanzisha taifa la Haiti tarehe 1 Januari 1804, walipokea habari hiyo kama ya jamaa zao.

Ndugu walimu, tunaandika haya bila kujifanya mabingwa. Kila shule ina hali yake, na kila darasa lina watoto wake. Tunalotaka kusema ni kwamba historia ya dunia haianzii ng'ambo ikatujia sisi kama mgeni. Imo katika maneno tunayosema, katika nguo zilizovaliwa na bibi zetu, na katika mambo ambayo bibi hao hawakutaka kuyasema. Mwalimu anayeifungua siku ya kwanza ajue kwamba mbele yake wamekaa watoto wa pande zote za mnyororo, na asitoke darasani kwa sababu tu kengele imelia.

Nanyi wanafunzi mtakaoingia kidato cha tano Julai ijayo, msingoje mpaka mwalimu awaagize. Kabla hamjafunga masanduku yenu, mwendeeni mkubwa wa nyumbani, mumwombe sentensi moja. Iandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari la historia.

Sisi bado tunaiandika ile methali ubaoni kila siku ya kwanza, maana ni ya wazee wetu na ina busara yake. Lakini chini yake siku hizi tunaandika na swali la yule msichana wa Kilwa, neno kwa neno, kisha tunaketi na kuwasikiliza.